Buku ni panya, alisema baba

Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama lugha ya mtaani inaharibu Kiswahili. Nimelisoma nikiwa kwenye foleni nikataka nijibu neno moja tu, ndiyo, nifunge simu. Juzi kampuni moja ya mikopo ya simu imenitumia meseji ati "usizingue, lipa deni lako", yaani nisilete usumbufu, jamani, hivi mtu ananidai pesa afu ananiambia mi mama wa watoto watatu nisizingue? Zamani hata anayekudai alikuwa anaanza na shikamoo.

Ila nilivyoanza kuandika nikamkumbuka baba kwenye ile daladala.

Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, yuko Muheza, wale wa kukusahihisha sentensi hata kama unalia. Mwaka 2014 alikuja Dar kucheki macho hospitali ya Muhimbili, tukapandia Mbagala Rangi Tatu asubuhi asubuhi, mnaijua Mbagala ya saa kumi na mbili, nikampigania siti ya karibu na mlango mwenyewe nikasimama nimeshikilia bomba. Konda akaja anagongesha sarafu zake kiganjani mpaka akamfikia baba. Baba akatoa noti ya elfu kumi, mpya, ameikunja mara nne, akaanza kuikunjua taratibu kama barua. Konda akaiangalia akasema, "Aah mshua, asubuhi yote hii unanitolea msimbazi? Hauna hata buku?"

Baba akamjibu kwa upole kabisa, "Hapana kijana, sisi hatushuki Msimbazi, tunakwenda Muhimbili. Na buku ni panya."

Gari zima likaangua kicheko. Kuna mmoja siti ya nyuma akapiga kelele "mwache huyo panya ashuke!" basi ndio wakazidi, mama mmoja amejishika mbavu kabisa. Na mimi nikacheka. Nilijaribu kujizuia, nikaziba mdomo na mtandio, lakini baba aligeuka akaniona. Akageukia dirishani, akatulia kimya mpaka tunafika Mtoni, na macho yenyewe ya mbali yalikuwa hayaoni vizuri.

Afu konda, kijana mdogo tu, akarudi akamwinamia. "Samahani mzee wangu, nilikuwa nauliza kama una noti ya elfu moja, kwa sasa sina chenji ya kukurudishia." Kiswahili kimenyooka kama cha taarifa ya habari! Kumbe anacho, kakiweka tu, abiria wa kila siku hawamdai.

Nauli nikalipa mimi. Njia nzima baba hajanisemesha.

Jioni nikamkuta sebuleni na mjukuu wake wamefungua daftari, baba anaandikishwa: jero mia tano, buku elfu moja, msimbazi elfu kumi. Alipoambiwa msimbazi umetokana na wekundu wa noti, wekundu wa timu ya Simba na ule mtaa wao wa Msimbazi, akakunja uso, maana ni Yanga tangu ujana. Akaandika hivyohivyo. Afu akaingia kwenye mambo yake sasa, buku moja, buku mbili, mbona hamsemi mabuku, basi hiyo ni ngeli ya i-zi. Kuzingua akakinyambua chote, zinguana, zinguliwa, zingulia, kalamu inakwenda tu, akasema kitenzi hiki kizima hakina kilema. Nikamchokoza, mbona daladala unalisema vizuri na lenyewe lilianza hivihivi, miaka ya 1980, nauli shilingi tano, watu wakiiita dala kutokana na dola, makonda wakawa wanaita dala dala? Akasema hilo limeshakua, lina haki yake.

Kwa hiyo sijui niwajibu vipi tena. Inaharibu? Naona hapana, ingawa mwanzo nimesema ndiyo na ile meseji bado inanikera. Kiswahili siku ile kilishuka Muhimbili kizima, mi ndo nilishuka nimeinamisha kichwa. Mwanafunzi akiandika "ilikuwa noma" kwenye insha ya mtihani, mkate maksi, simtetei. Daktari naye asinianzie na mtaani wakati nangoja majibu. Lakini konda na abiria wake waacheni, wanaelewana, na akipanda mgeni wamtafsirie kabla hawajacheka, au hata baada ya kucheka, kama yule kijana.

Baba na mjukuu wake hadi leo wanabishana kwenye simu kama wingi wa msimbazi ni misimbazi au unabaki msimbazi mbili. Baba anasema misimbazi, ngeli ya u-i, hamna mjadala. Mtoto anasema mbona pale stendi hajawahi kumsikia konda hata mmoja anasema hivyo.