Jimu sina, muda sina, chai naipenda: maswali yenu ya wiki hii

Haya wapendwa, meseji zimejaa na nikizisoma zote naona mnauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, nifanyeje niwe fiti bila kuhama maisha yangu. Mi sio daktari, nisieleweke vibaya, mi ni mtu niliyekuwa na kitambi cha kuwekea sahani nikiangalia mpira, nikasoma sana na kujaribu vingi. Twende.

Naishi Kimara, kazi Posta. Natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku, jimu naenda saa ngapi? Na zile hatua elfu kumi za kwenye simu sifikishi hata nusu, nimekata tamaa.

Dada yangu hiyo elfu kumi isikukoseshe raha. Ilianzia Japani mwaka 1965, kampuni moja ilitoa kimashine cha kuhesabu hatua kikaitwa Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi, jina tamu la kuuzia biashara na dunia nzima ikalibeba. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani wakiongozwa na I-Min Lee walitoa matokeo ya wanawake wazee waliowafuatilia, wastani wa miaka 72, wakakuta waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wale wa 2,700, na nafuu ikaendelea kuongezeka mpaka kwenye 7,500 hivi halafu ikatulia. Wewe sio bibi wa miaka 72 kwa hiyo usizichukue kama sheria, ila umeona mwenyewe, anayetoka chini akiongeza kidogo tu anapata kitu.

Sasa wewe kwenye mwendokasi shuka Kisutu umalizie kwa mguu mpaka ofisini, mchana ukienda kula chagua mgahawa wa mbali kidogo, na kama ofisi iko ghorofa ya tatu lifti waachie wenye mizigo. Jioni kama huwa unachukua boda kutoka kituoni mpaka nyumbani kwa umbali wa kutembea dakika kumi, tembea, ila kama njia ina giza na vibaka panda boda yako dada, afya gani hiyo ya kukabwa. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, yani ile kasi ambayo unaweza kuongea ila kuimba huwezi, na tangu 2020 lile sharti la kwamba lazima ziwe dakika kumi mfululizo wameliondoa. Vile vipande vya dakika nne nne vyote vinahesabika.

Soda sigusi kabisa, mi ni mtu wa chai tu, vikombe vitatu kwa siku, sukari vijiko vitatu kila kikombe. Hapo niko salama si ndio? (Tanga)

Kaka wa Tanga hapo unajidanganya na nakuambia kwa upendo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina sukari kama gramu 4, vijiko tisa ni gramu 36, na chupa ya soda ya kola ya mililita 350 ina kama gramu 37. Yani kila siku unakunywa soda ya moto. Tena nakujua utakuwa unachota kwa kilima, hujasawazisha kitu. Shirika la Afya wanataka sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku nzima kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke mpaka 25, na hapo kuna andazi, kuna juisi, na asali nayo imo, maana wengi wanahamia kwenye asali wakidhani wamekimbia sukari.

Mi nilikuwa mtu wa vijiko vinne, mama alikuwa ananiuliza mwanangu hiyo ni chai au uji. Niliwahi kuacha ghafla mara mbili na mara zote mbili nilirudi kwa hasira. Kilichonisaidia ni kupunguza nusu kijiko, nakaa hapo wiki mbili mpaka ulimi unazoea, napunguza tena nusu, na huku kwenye sufuria naongeza iliki, tangawizi, mchaichai, kitu kinachonukia ili pengo lisionekane. Ilichukua miezi kadhaa sio siku saba. Sasa hivi nakunywa na nusu kijiko, nikienda kwa watu nikapewa chai naiona kama shira.

Na kuna hili ambalo nyumba nyingi zinakwama hapo, chai inakorogwa sukari kwenye sufuria halafu inaingia kwenye chupa, kwa hiyo anayetaka kijiko kimoja na anayetaka vinne wote wanakunywa vinne. Chai iingie kwenye chupa bila sukari, sukari ikae mezani, kila mtu atie yake. Wiki ya kwanza watanuna, we subiri.

Mimi bodaboda, kijiwe chetu Tabata, asubuhi mpaka usiku niko juu ya pikipiki. Nina miaka 27 kitambi kinakuja na mgongo unauma. Usiku chipsi mayai, nalala.

Mdogo wangu ngoja nikupe stori. London mwaka 1953 daktari mmoja, Jerry Morris, na wenzake walilinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa, basi lilelile, kampuni ileile, dereva kakaa kutwa, konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makonda walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Baadaye wakaja kuangalia mpaka saizi za sare zao, ikaonekana madereva walikuwa na viuno vikubwa mapema tu, kwa hiyo sio ngazi peke yake, lakini kuanzia hapo watu wakaanza kuangalia kukaa kwa jicho lingine.

Wewe ndo dereva kwenye hiyo stori. Kuendesha ni kazi huwezi kuacha, lakini pale kijiweni mkisubiri abiria mnafanya nini? Mmelalia tenki mnachati. Shuka. Abiria akichelewa zunguka, nyoosha mgongo, chuchumaa na kusimama mara kumi, watakucheka siku mbili, ya tatu kuna mmoja ataanza kuiga. Chipsi mayai usiwe mlo wa kila usiku, mara nyingine nenda kwa mama ntilie wali maharage, mwombe apunguze wali aongeze mchicha, hakatai. Ukishakula tembea dakika kumi kabla ya kulala, misuli ikifanya kazi inachukua sukari kwenye damu. Na zile enaji za chupa za usiku, hesabu sukari yake halafu rudi usome jibu la kaka wa Tanga. Mgongo ukianza kuja na ganzi au miguu kukosa nguvu hapo nenda hospitali, usingoje.

Maji ya ndimu ya uvuguvugu asubuhi yanayeyusha mafuta ya tumbo?

Hapana. Ni maji mazuri yenye ndimu. Kama yamechukua nafasi ya juisi ya sukari endelea nayo.

Mume wangu kaambiwa ana presha, apunguze chumvi. Nikipunguza anasema nimempikia chakula cha hospitali. Na watoto nao wananuna. (Morogoro)

Pole shoga. Kwanza kama kapewa dawa aendelee nazo, chumvi kupungua haimaanishi dawa ziachwe, na asijipime kwa hisia, presha mara nyingi haina dalili yoyote.

Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa milo yote ya siku, na chumvi yenyewe imejificha kwenye vile vidonge vya supu, viungo vya paketi, ng'onda, soseji, achari. Kwa hiyo kama mchuzi una kidonge halafu unatia na chumvi, hapo umetia mara mbili. Chagua kimoja, na mi ningetoa kidonge. Kidude cha chumvi kitoke mezani kabisa, maana kuna watu wananyunyiza hata hawajaonja. Ndimu mwishoni, kitunguu saumu kingi, pilipili manga, vinadanganya ulimi vizuri sana. Na usimtangazie! Punguza kidogo kidogo kimyakimya, wiki chache zikipita akila chipsi za nje atakwambia mwenyewe wamezidisha chumvi.

Nabeba ndoo za maji lita 20 kila siku, ngazi mpaka ghorofa ya pili, shemeji yangu wa jimu ananiambia sifanyi mazoezi.

Mama, lita 20 ni kilo 20 bado ndoo yenyewe, halafu na ngazi juu. Mwambie shemeji aje Jumamosi abebe mbili. Wewe chuchumaa unapoinyanyua usiinamie kiuno, na hao vijana walioko hapo ndani na simu zao nao wabebe zao.