Kila mgonjwa anapata alama 50: hojaji ni mbovu au hesabu?

Swali: Hujambo Daktari. Mimi ni muuguzi katika wodi ya upasuaji hapa Kisumu na ninasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu unahusu wasiwasi wa wagonjwa kabla ya kuingia thieta. Ninatumia hojaji ya Spielberger, ile sehemu yenye sentensi 20 kuhusu mtu anavyojisikia sasa hivi. Ninawasomea wagonjwa kwa Kiswahili au Dholuo asubuhi ya upasuaji, wakiwa tayari wamevaa gauni. Shida ni kwamba karibu kila mtu anapata alama kati ya 46 na 54. Mama aliyekuwa akitetemeka na mzee aliyekuwa akitania wenzake wamepata alama sawa. Msimamizi wangu anasema hojaji za Wazungu hazitufai. Daktari wa upasuaji naye ameniuliza ni alama ngapi zinatosha kuahirisha upasuaji, nami sina jibu. Je, niongeze pia hojaji ya sonona?

Jibu: Sista, nakushukuru kwa kuandika alama zenyewe. Wengi huniandikia tu kwamba hojaji imekataa, nami nabaki kubahatisha.

Katika sehemu hiyo kila sentensi hujibiwa kwa ngazi nne, kuanzia 1 (hapana kabisa) hadi 4 (sana), kwa hiyo alama ya chini kabisa ni 20 na ya juu kabisa ni 80, na katikati yake ni 50 kamili. Watu wenye hali tofauti wakirundikana pale katikati, mimi hushuku hesabu kwanza, kisha namna ya kuuliza. Hojaji yenyewe huwa ya mwisho.

Tuanze na hesabu. Katika zile sentensi 20, kumi zinahusu wasiwasi na kumi zinahusu utulivu. Zile za utulivu lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha, kwa sababu anayesema ametulia "sana" anakuambia hana wasiwasi. Jibu la 4 linahesabiwa 1, la 3 linahesabiwa 2, na kuendelea. Ukitaka njia ya haraka, toa jibu lake kwenye 5. Katika toleo linalotumika zaidi, lile la 1983, za kugeuza ni namba 1, 2, 5, 8, 10, 11, 15, 16, 19 na 20.

Sasa angalia kinachotokea usipogeuza. Mwenye hofu kubwa anajibu 4 katika sentensi zote za wasiwasi, ndiyo 40, na 1 katika zote za utulivu, ndiyo 10. Jumla ni 50, ilhali alistahili 80. Mtulivu kabisa anajibu kinyume: 10 za wasiwasi na 40 za utulivu. Naye ana 50, ilhali alistahili 20. Ni kama mizani inayosoma kilo 50 iwe umepandisha gunia la mahindi au kuku.

Lakini usikimbilie Excel bado, maana kuna kosa la pili linalotoa namba hiyohiyo hata kama umegeuza vizuri. Mgonjwa anayejibu "sana" kwa kila sentensi anapata 40 za wasiwasi na, baada ya kugeuza, 10 za utulivu. Tena 50. Kwa hiyo jumla peke yake haiwezi kukuambia ni kosa lipi. Chukua karatasi zako, tafuta sentensi moja inayosema ametulia na moja inayosema ana mkazo, uzisome pamoja kwa kila mgonjwa. Majibu yakipingana, yaani 1 na 4 au 2 na 3, mgonjwa alikuelewa na kosa liko kwenye kujumlisha. Yakifanana, 4 na 4 au 3 na 3, mgonjwa hakuwa akijibu sentensi. Alikuwa akikujibu wewe. Ukishaingiza data kwenye kompyuta, alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi sentensi zinavyokubaliana, nayo itakuonyesha: kama za utulivu hazikugeuzwa itakuwa chini mno, pengine hata hasi, wakati kwa hojaji kama hii tunatarajia ivuke 0.7 bila shida.

Nahisi utakuta yote mawili, na hilo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Hebu mfikirie mgonjwa wako saa moja asubuhi. Hajala tangu usiku, sindano ya dripu iko mkononi, shemeji yake amesimama pembeni ameshika mfuko wa nguo. Anakuja mtu aliyevaa sare, ndiye huyohuyo atakayesukuma machela, anamuuliza kama ametulia. Atasema ndiyo. Anamuuliza kama ana wasiwasi. Atasema ndiyo, kwa adabu ileile. Mwingine amekodi gari kutoka Bondo, kibali cha SHA, bima ya afya ya taifa, kimesubiriwa wiki nzima, na anaamini kwamba akikiri hofu atarudishwa nyumbani. Huyo atakupa majibu ya chini yasiyo na ukweli, na hakuna kanuni ya hesabu itakayomrekebisha.

Dawa yake ni ya kawaida tu. Anayeuliza asiwe anayemhudumia siku hiyo, na asivae sare. Ndugu waombwe watoke kidogo. Kabla ya sentensi ya kwanza mgonjwa aambiwe waziwazi kwamba majibu yake hayataondoa jina lake kwenye orodha ya thieta. Na kwa kuwa unasoma kwa sauti, usitaje ngazi nne kwa mkupuo, kwa maana mtu hushika ya mwisho aliyoisikia. Uliza kwanza kama hali hiyo ipo au haipo. Akisema ipo, ndipo umuulize ni kidogo, kiasi au sana. Kadi yenye duara nne zinazoongezeka ukubwa huwasaidia sana wazee.

Kuhusu tafsiri ya Dholuo, kama ni wewe unayetafsiri papo hapo kitandani, acha leo. Hutakuwa na hojaji moja bali nyingi kadiri ya wagonjwa. Iandikwe, irudishwe Kiingereza na mtu ambaye hajaona ya awali, kisha ijaribiwe kwa wagonjwa wachache wakueleze kwa maneno yao walivyoelewa kila sentensi. Hakikisha pia una leseni, maana hojaji hii ina mwenyewe na huuzwa; kamati za mtihani siku hizi huuliza.

Msimamizi wako ana nusu ya haki. Chombo kutungwa Marekani si hoja. Hoja ni kama kimejaribiwa kwa watu wa hapa. PHQ-9, hojaji ya sonona yenye maswali tisa, ilipimwa katika Kenya magharibi kwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yakachapishwa 2009, ilionekana inategemeka. Hao hawakuwa wagonjwa wa upasuaji, lakini angalau tuna pa kuanzia.

Kwa kazi ya kila siku wodini, mimi singetumia sentensi 20. Kuna hojaji ya Amsterdam ya 1996, APAIS, yenye maswali sita tu: matatu kuhusu nusukaputi na matatu kuhusu upasuaji wenyewe. Manne yanapima wasiwasi, kwa hiyo alama ni 4 hadi 20. Mawili yanauliza kama mgonjwa anataka kujua zaidi, na hayo mawili ndiyo ninayoyapenda, kwa kuwa yanakuambia la kufanya. Kuna mgonjwa anayetaka kuelezwa kila hatua, na kuna anayetaka umwambie yale tu ambayo idhini inadai, basi. Ukiwachanganya unamtia hofu mmoja na kumnyima mwingine. Kasoro yake ni kwamba maswali yote yanaelekea upande mmoja, kwa hiyo yule wa "sana, sana, sana" atapita bila kugundulika.

Sasa daktari wako wa upasuaji na alama yake ya kuahirisha. Mwambie haipo. Wale wa Amsterdam walipendekeza 11 kama kiwango cha kumtambua mwenye wasiwasi, lakini hicho ni kiwango cha kumtambua anayehitaji mazungumzo, tena kwa Waholanzi. Upasuaji huahirishwa kwa sababu mgonjwa amebadili nia na kuondoa idhini, au amechanganyikiwa kiasi kwamba hawezi kutoa idhini, au kuna hatari ya kujidhuru ambayo haijashughulikiwa. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana kwenye jumla ya alama.

Na kabla hujaandika "wasiwasi" kwa yule anayetetemeka, uliza mara ya mwisho alikunywa pombe lini. Ninasisitiza hili kwa sababu naliona likipitwa mara kwa mara. Mtu anayekunywa chang'aa kila siku, akilazwa jana na hajagusa kitu, leo atatetemeka, atatoka jasho na moyo utamwenda mbio. Ana dalili za kukatiwa pombe, na degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo. Huyo anahitaji daktari wa nusukaputi aambiwe sasa hivi. Mwenye rovu ambaye homoni za tezi yake ziko juu naye hutetemeka hivyohivyo, na mwenye kisukari aliyefunga tangu usiku pia. Pima sukari na mapigo ya moyo kwanza, hojaji itasubiri.

Hilo la kuahirisha linanirudisha kwenye muda. Kupima asubuhi ya upasuaji kunafaa ikiwa unachotaka ni kujua hofu inafika wapi. Ikiwa unataka mgonjwa afaidike, umechelewa. Mwaka 1964 Egbert na wenzake, katika hospitali ya Massachusetts General kule Boston, waliwafuatilia wagonjwa 97 wa upasuaji wa tumbo. Wote walitembelewa usiku wa kuamkia upasuaji na daktari wa nusukaputi, lakini takriban nusu yao tu ndio aliowaeleza maumivu yatakuwa wapi, yatadumu muda gani, na namna ya kulegeza misuli ya tumbo na kujigeuza kitandani. Madaktari wa upasuaji hawakujua nani ameelezwa. Walioelezwa walitumia takriban nusu ya dawa kali za maumivu na wakaruhusiwa kwenda nyumbani mapema kwa siku 2.7 kwa wastani.

Usiibebe namba hiyo kama ahadi. Zama hizo watu walikaa wodini muda mrefu zaidi kuliko sasa. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao unaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 105 yalikuta maandalizi ya kisaikolojia yanapunguza takriban nusu siku ya kulazwa, na waandishi wenyewe walisema ushahidi ni wa kiwango cha chini. Mimi bado ningefanya, kwani mazungumzo ya robo saa hayana gharama ya maana na hayamdhuru mtu. Weka kipimo chako kwenye kliniki ya kabla ya upasuaji, au alasiri ya kuamkia siku yenyewe, ili atakayeonekana ana hofu ya nusukaputi aongee na daktari wa nusukaputi siku hiyohiyo. Wengi niliowasikiliza hawaogopi kisu hata kidogo. Wanaogopa kutoamka, au kuamka katikati.

Swali la sonona nitalijibu kwa ufupi. PHQ-9 ni ya bure na alama yake ni 0 hadi 27, lakini inauliza usingizi, hamu ya kula na uchovu wa wiki mbili zilizopita. Mgonjwa mwenye uvimbe tumboni atapata alama hapo bila kuwa na sonona. HADS, hojaji ya 1983 ya wasiwasi na sonona kwa wagonjwa wa hospitali, ilitungwa ikiepuka dalili za mwili kwa sababu hiyohiyo, ila nayo ina leseni. Ukichagua PHQ-9, swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiliulize kabla hujajua atakayekubali anapelekwa kwa nani, saa hiyohiyo, hata ikiwa ni Ijumaa jioni. Wagonjwa wengine bado wanaogopa polisi, hivyo inafaa uwaambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Karatasi ulizonazo usizitupe. Zijumlishe upya kwa kugeuza, weka alama kwenye zile ambazo majibu yote yanafanana, na uripoti idadi yake kwenye tasnifu. Ni matokeo halali. Ukibadilisha muda, mtu wa kuuliza au hojaji, hayo ni marekebisho ya utafiti: peleka kwa kamati ya maadili na usubiri barua yao kabla ya kumhoji mgonjwa mwingine. Data za asubuhi na za alasiri ziwe kwenye mafaili mawili.