Flaiova ya magari inaweza kuongezewa treni baadaye? Jibu kwa fundi wa Mwanga, Kigoma

SWALI: Mhandisi shikamoo. Mimi ni fundi ujenzi, niko Mwanga hapa Kigoma. Mwezi uliopita nilienda Dar, nikapanda basi mpaka Dodoma, pale nikachukua SGR. Ile treni inaingia mjini ikiwa juu ya nguzo, magari yanapita chini. Kesho yake nikapita Tazara nikaiangalia ile flaiova ya Mfugale nikajiuliza, kwa nini wasichukue hizi flaiova za magari wakatandika reli juu, tukapata treni ya mjini bila kujenga nguzo zingine? Na la pili, daraja la mjini likichoka unalibomoaje ujenge upya na huku magari yanapita? Mtaani kwetu kuna karavati lina nyufa, tunaambiwa litajengwa nusu nusu, sielewi inakuwaje.

JIBU: Marahaba fundi. Naandika kutoka Tabora na swali lako limenifurahisha, maana watu wengi wanaangalia flaiova wanaona sakafu tu, wewe umeshaanza kuwaza mzigo.

Nianze na kitu unachokijua kuliko mimi. Pale Kigoma, Ujiji, na hapa Tabora, ukipita mitaani utaona nyumba za slabu zenye nondo zimeachwa zinachungulia juu, mwenye nyumba anakwambia hizi nimeachia ghorofa, nikipata hela napandisha. Sasa wewe fundi ukiitwa uje upandishe utauliza nini kwanza? Hutauliza nondo za juu, utauliza msingi ulichimbwa futi ngapi, nguzo zina nondo za milimita ngapi, kuna bimu ya chini au hakuna. Akijibu msingi ni wa mawe wa kawaida, unamwambia mzee hizo nondo ni mapambo. Daraja ni hivyo hivyo. Treni haiongezwi juu, treni inaanzia chini, siku ile ile paili za kwanza, yaani zile nguzo za msingi zinazozama ardhini, zinachimbwa.

Sasa wengi wanadhani tatizo ni uzito peke yake. Uzito ni sehemu tu. Kisheria lori letu kubwa la ekseli 7 mwisho ni tani 56, kwaiyo kila ekseli inabeba kama tani 8 hivi. Reli yetu ya SGR imedizainiwa kubeba mpaka tani 35 kwa ekseli moja, yaani ekseli moja ya treni ya mizigo ni zaidi ya ekseli 4 za lori lako. Lakini treni ya abiria ya mjini ni nyepesi, ekseli yake ni kama tani 12 mpaka 16, na ukichukua flaiova iliyojaa malori kwenye foleni, jumla ya tani zake inaweza isipishane sana na treni ya mjini. Hapo mtu anasema basi si inawezekana! Hapana, subiri.

Kwanza angalia mzigo unakaa wapi. Magari yanatawanyika, leo huku kesho kule, ila treni inapita kwenye mistari ile ile miwili kila siku, kila dakika chache, miaka yote, na kama hakuna bimu chini ya ule mstari basi slabu ndo inachapwa. Halafu kuna kupinda, daraja lolote linapinda kidogo mzigo ukipita na gari halijali, dereva hasikii kitu, ila reli haitaki kabisa, ikipinda kidogo pale bimu mbili zinapokutana reli inanyanyuka, vifungio vinachoka, siku moja vinaachia. Kwaiyo daraja la treni linatakiwa liwe gumu zaidi sio tu liwe na nguvu zaidi, na hivyo ni vitu viwili tofauti, bimu inaweza isivunjike na bado isifae.

Halafu kuna joto, na hili ndo nalipenda kulieleza. Zege linatanuka na kusinyaa. Sakafu ya mita 100 joto likibadilika digrii 20 inaongezeka urefu kama sentimita 2, ndo maana madaraja yana jointi na yamekalia beringi za mpira ili yateleze. Gari linavuka jointi, tairi linameza, basi. Sasa wewe umekulia na treni ya zamani ya Kigoma-Tabora, unaijua ile tak-tak tak-tak, zile ni jointi za reli. Reli za kisasa hazina hizo, zinachomelewa zinakuwa kipande kimoja kirefu, kwaiyo daraja linataka kutanuka na reli imebanwa haitaki kwenda, wanavutana, na ile nguvu ya kuvutana inashuka kwenye vichwa vya nguzo mpaka kwenye msingi. Ongeza treni nzima ikifunga breki kwa pamoja, inasukuma daraja kwa mlalo. Nguzo ya flaiova ya magari ilipigiwa hesabu ya kusukumwa, ndio, lakini ya kusukumwa na magari. Hata ukiibadilisha slabu yote juu bado msingi ni ule ule.

Na kuna mambo ya mlima na kona, hapa nipite haraka. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza, treni inataka mpando wa taratibu na kona pana. Flaiova ya magari inapanda na kushuka kwa umbali mfupi ili ivuke makutano tu, kama ile ya Mfugale iliyofunguliwa 2018 inavyoibeba barabara ya Nyerere kupita juu ya Mandela.

Je kuna mahali wamewahi kuongeza treni kwenye daraja la magari? Wapo. Lisbon kule Ureno kuna daraja la kuning'inia kwenye kamba za chuma linaitwa 25 de Abril, lilifunguliwa 1966 likawa la magari tu, na treni ikaanza kupita chini ya sakafu ya magari mwaka 1999, miaka 33 baadaye. Lakini sikiliza, wale waliolidizaini mwanzo walishaliweka hesabu ya treni. Na pamoja na hivyo bado walilazimika kuongeza kamba kuu zingine za chuma juu ya zile za kwanza. Kwaiyo hata aliyejiandaa alilipa tena, sasa fikiria ambaye hakujiandaa.

Mfano mwingine ndo unajibu maswali yako yote mawili kwa pamoja. Minneapolis, Marekani, tarehe 1 Agosti 2007 jioni watu wanatoka kazini, daraja la barabara kuu ya I-35W lilianguka mtoni, watu 13 wakafa. Uchunguzi ukaonyesha vile vibao vya chuma vinavyoshikilia viungo vya fremu vilidizainiwa vyembamba, nusu ya unene uliotakiwa, na daraja likaishi hivyo miaka 40. Kwa nini lianguke siku ile? Kwa sababu kwa miaka hiyo lilishaongezewa zege juu likawa zito, na siku ile lilikuwa kwenye ukarabati, wamerundika mchanga, kokoto na mashine zaidi ya tani 250 juu ya sakafu, na mzigo mwingi umekaa karibu na kile kiungo dhaifu. Daraja jipya likafunguliwa Septemba 2008, na safari hii wakalijenga likiwa tayari kubebeshwa treni nyepesi ya mjini baadaye. Hiyo ndo akili ninayoitaka hapa kwetu, tukiwa tumeshafumua kila kitu na pesa ya msingi inatoka, tuulize palepale, miaka 30 ijayo hapa juu tutapitisha nini?

Sasa swali la pili, kujenga huku magari yanapita. Daraja la porini ni rahisi kidogo, kama lile la Kikwete mto Malagarasi, eneo la kujenga lipo, ukimaliza ndo unahamishia magari. Mjini pembeni ni fremu za maduka ya watu, bomba la maji, nguzo za umeme. Kwaiyo mnagawa daraja kwa urefu, magari yote yanabanwa upande mmoja, mnakata slabu katikati kwa msumeno wa almasi, mnanyanyua bimu za upande wa pili kwa kreni, mnajenga nusu mpya, magari yanahamia kwenye mpya, mnakuja kumalizia nusu ya zamani. Inasikika rahisi ila kuna mtego. Hii inafaa kwa daraja la bimu nyingi zilizolala sambamba, kila bimu inajibeba. Kama daraja ni boksi moja kubwa la zege lililo wazi ndani huwezi kulikata katikati, ni sawa na kukata ndoo katikati ukategemea ibebe maji. Hapo inabidi nguzo za muda chini, au mjenge daraja jipya pembeni kabisa halafu mlisukume kwa jeki mpaka mahali pake usiku mmoja au wikiendi.

Na hata kwa bimu nyingi, ukishakata, ile bimu iliyobaki pembeni kabisa ya nusu ya zamani ilikuwa ya katikati, ilikuwa inasaidiwa na wenzake kushoto na kulia, sasa hivi iko peke yake upande mmoja. Niliwahi kusimamia kazi ndogo ya kupanua daraja huku Tabora miaka ya nyuma, jioni tumeacha kila kitu sawa, asubuhi nafika nakuta mkandarasi amemwaga tripu za kokoto usiku juu ya nusu ile ile ya zamani, karibu na mkato, kwa sababu kulikuwa hakuna nafasi nyingine ya kumwaga. Bimu ya pembeni imeshapata nyufa mpya chini. Nilisimamisha magari yote saa 4 asubuhi, watu wakanitukana sana, mabasi yamejipanga, na mpaka leo nikikumbuka nasikia baridi kwa sababu kazi ile na ile ya Minneapolis ni kosa moja, tofauti ni ukubwa tu. Kila siku ya ukarabati mtu mmoja lazima awe anajibu swali hili: leo juu ya daraja kuna tani ngapi na ziko wapi.

Kitu kingine ambacho mafundi wanakisahau ni ule ukanda wa kuunganishia nusu mbili. Usimwage zege la kuunganisha siku hiyo hiyo. Nusu mpya bado inasinyaa, bado inashuka kidogo kwa uzito wake, iache itulie, halafu unafunga nondo na kumwaga ukanda wa kati, na wakati unamwaga nusu ya pembeni ina magari yanatikisa, nondo zinacheza ndani ya zege bichi, zinaacha uwazi kuzunguka nondo. Kwaiyo unamwaga usiku, magari unayasimamisha au unayapitisha taratibu sana upande wa mbali mpaka zege lishike.

Na ile treni ya juu ya nguzo uliyoiona Dar, ukitaka kuirefusha njia yake baadaye, hapo nako kunategemea nguzo ya mwisho. Inabebeshwa upande mmoja tu, upande wa pili bado hewa, lakini inabidi ijengwe tangu mwanzo kwa hesabu ya pande zote mbili, na sehemu ya kukalia beringi za upande wa pili iachwe tayari. Lagos wanafanya hivi kwa awamu, njia yao ya bluu ilianza kubeba abiria Septemba 2023 kutoka Marina mpaka Mile 2, kilomita 13, na kipande cha kwenda Okokomaiko ni awamu ya pili. Uzuri wa reli ya juu ni kwamba chini unahitaji nafasi ya nguzo tu, bimu zinatengenezwa yadi, zinakuja zinawekwa na mashine inayotembea juu ya kilichokwisha jengwa.

Ila ubora, fundi, ubora. Mexico City tarehe 3 Mei 2021 kipande cha reli ya juu kilianguka treni ikiwa juu, watu 26 wakafa, na njia hiyo ilikuwa haina hata miaka 10. Kosa mojawapo kubwa ni zile pini za chuma zinazochomelewa juu ya bimu ili zishikane na slabu ya zege, zilichomelewa vibaya, zingine hazikuwepo, kwaiyo chuma na zege vikawa vinafanya kazi kila mtu kivyake. Pini ndogo kama kidole. Mtu alisimama pale na mashine ya kuchomelea akasema inatosha.

Turudi kwenye karavati la mtaani kwenu. Kujengwa nusu nusu kwa karavati la boksi dogo inawezekana kabisa, ila waulize maji yatapita wapi mvua ikinyesha kabla nusu ya pili haijaisha, na tuta la udongo pale kwenye mkato litazuiwa na nini lisimomonyokee kwenye shimo. Kuhusu nyufa, usikae unaziangalia kwa macho tu. Chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa jipsam kivuke ufa, andika tarehe pembeni kwa penseli. Kioo kikipasuka ufa bado unatembea. Weka viwili, kimoja chini ya slabu na kimoja kwenye ukuta wa pembeni, piga picha, peleka TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, pamoja na tarehe zako, na kama kile cha chini ya slabu kimepasuka ndani ya wiki moja waambie viongozi wa mtaa malori ya mchanga yapite njia nyingine kuanzia siku hiyo. Nitumie na mimi hizo picha.