Giaboksi hubaki, breki ndizo za kuangaliwa

Je, giaboksi lazima ing'olewe gari la petroli linapogeuzwa kuwa la umeme? Hapana, haihitaji kung'olewa. Mota hufungwa mahali pa injini kwa bamba nene la chuma lililotobolewa kufuata matundu ya boliti za giaboksi, na shafti ya mota na ile ya giaboksi zikipishana hata kwa sehemu ndogo ya milimita, beringi huanza kulia na kufa mapema. Kwa kuwa mota hutoa nguvu kubwa ya kuzungusha tangu ikiwa imesimama, gia ya pili au ya tatu hutosha kwa safari nyingi.

Linalosahaulika, nami nalisisitiza kwa sababu linahusu uhai, ni breki: kwa magari mengi busta yake, yaani kifaa kinachoongezea nguvu mguu unaokanyaga pedali, hutegemea hewa inayovutwa na injini, hivyo injini ikitolewa pedali huwa ngumu mno mpaka ifungwe pampu ya umeme ya kuvuta hewa. Kazi ya nyaya za betri, ambazo mara nyingi huzidi volti 100 za mkondo mnyoofu (DC), mwachie fundi aliyesomea umeme, kwani kuzima swichi hakuiondolei betri yenyewe umeme wake.