Ramani ya jangwa: maswali yenu wiki hii

Mwalimu, nimepata ramani ya Sahara ya skeli 1:200,000. Karibu yote ni tupu. Nisome nini? (Igoma)

Kwa skeli hiyo sentimita 1 ni kilomita 2. Kama kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, zimepishana mita 40, tuta la mchanga la mita 30 linaweza kulala katikati ya mistari miwili lisionekane. Mwamba wetu wa Bismarck, ule wa ziwani hapa Mwanza, usingepata hata mstari mmoja. Basi usiseme ni patupu. Tazama nukta za mchanga na namba za mwinuko.

Nikikwama huko, maji niyatafute wapi? (Ukerewe)

Huku kwetu ukiinua macho tu, ziwa hilo. Jangwani anza na mistari ya bluu iliyokatikakatika: ni makorongo, Waarabu huyaita wadi, na maji hupita humo baada ya mvua tu. Pasipo na bluu, tafuta kontua zilizopinda kama herufi V, kisha weka kidole kwenye ncha. Ncha ikielekea namba kubwa, hapo ni bonde; ikielekea namba ndogo, ni mgongo wa kilima. Wanafunzi wangu wengi hukosea hapa kwa kuwa hawasomi namba kwanza. Visima vingi huchimbwa kwenye makorongo hayo, maana maji hubaki chini ya mchanga. Ila kisima kilichochorwa zamani huenda kimekauka, kwa hiyo usome mwaka wa ramani.

Na hili nakusihi, ndugu yangu: usilale ndani ya korongo hata kama mbingu ni nyeupe. Mvua ikinyesha milimani, mbali usikoona, mafuriko yatakukuta usingizini.

Ardhi yaweza kuwa chini ya usawa wa bahari na ikabaki kavu? (Magu)

Ndiyo. Bonde la Qattara, Misri, limeshuka hadi mita 133 chini ya bahari, wakati Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu yake. Kwenye ramani, kontua za shimo huwa na vijino vinavyotazama ndani. Chini kuna chumvi na tope. Magari mazito hayapiti. Ndiyo maana mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi yalibanana El Alamein, kwenye ukanda kati ya bonde hilo na bahari.

Ramani ya miaka ya 1960 bado inafaa? (Nyakato)

Kwa miamba, inafaa. Kwa matuta ya mchanga, hapana: yale yenye umbo la mwezi mwandamo huweza kuhama makumi ya mita kwa mwaka, na madogo huenda kasi kuliko makubwa. Ukipima njia kwa dira, lenga mwamba.