Wazee wenzangu, safari ya mlima ipangeni kuanzia kushuka

Mstaafu mwenzangu akiniuliza kama anaweza kupanda Ngozi, mlima wetu wenye ziwa juu yake, mimi humuuliza atashukaje. Kupanda kunachosha, lakini mwili wenyewe unakuambia umechoka. Pumzi inakatika, moyo unadunda, unakaa juu ya gogo, ukipata nafuu unaendelea. Kushuka hakutoi onyo la namna hiyo. Pumzi imetulia, watu wameanza kuongelea chakula, na hapo ndipo mguu unateleza kwenye tope au goti linagoma. Katika kikundi chetu hapa Mbeya, wengi tukiwa tumevuka miaka 60, karibu kila aliyeumia aliumia akiteremka: mlimani, kwenye ngazi ya kosta (basi dogo la abiria), au akitoka kwenye mtumbwi.

Sababu iko kwenye misuli ya paja. Ukipanda, misuli hiyo inajikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, inafanya kazi huku inanyooshwa, inauzuia mwili usianguke mbele, na goti linabeba mzigo mkubwa kuliko linaoubeba tambarare. Ndiyo maana mapaja huuma siku ya pili na ya tatu baada ya mlima, siyo siku ile ile. Umri nao unapunguza misuli, na mguu ukikanyaga vibaya unachelewa kujirekebisha.

Misuli hii hufundishika hata kwa mtu wa miaka 70. Mazoezi ninayowapa wenzangu hayahitaji vifaa. Kaa kwenye kiti polepole bila kujishika popote, ukihesabu moja hadi tano kabla hujakigusa, kisha simama. Shuka ngazi za kanisani au za nyumbani ukitua mguu kwa utaratibu, mkono ukiwa karibu na ukuta. Simama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika fremu ya mlango, halafu badilisha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kutunza usawa wa mwili siku tatu au zaidi kwa wiki, pamoja na mwendo wa wastani usiopungua dakika 150 kwa wiki. Anayetaka kwenda nasi naomba afanye hivyo mwezi mzima kabla ya safari. Ninasisitiza jambo hili kuliko viatu.

Viatu navyo vina habari yake. Raba yenye meno chini inatosha kwa njia nyingi za huku kwetu, mradi isiwe mpya siku hiyo. Kata kucha za miguu siku moja kabla, na kabla ya kuanza kushuka kaza kamba upya, maana mguu ukiogelea ndani ya kiatu vidole vinagonga mbele njia nzima. Fimbo ni lazima kwa kila mtu, hata anayejiona imara. Mwanzi uliokauka vizuri unafaa sana. Wakati wa kupanda ushike chini kidogo. Wakati wa kushuka ushike juu, utangulize fimbo, ndipo mguu ufuate. Hatua ziwe fupi, magoti yasikakamae, na palipo na mteremko mkali msishuke moja kwa moja, mkate kushoto na kulia.

Kuhusu mahali pa kuanzia, walioko Iringa wana bahati. Jiwe la Gangilonga liko juu ya mji wenyewe, na unaweza kulipanda jioni moja na kurudi nyumbani kula. Isimila, kwenye barabara ya kuja Mbeya, ina zana za mawe za watu wa kale na bonde lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji. Kule unashuka kwanza bondeni, halafu unapanda kurudi, kwa hiyo mwenye goti bovu anapimwa mapema akiwa bado ana nguvu. Sisi wa Mbeya na Rungwe tuna Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, matembezi mafupi yanayomfaa hata anayetembea kwa shida, lakini mawe ya pembeni mwa maji huteleza na hapo simruhusu mtu apige picha peke yake.

Kitulo watu wanaisifia kuwa ni tambarare, na ni kweli. Uwanda ule wa maua, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, hauna mteremko wa kutisha. Ila uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na Juni na Julai asubuhi kuna barafu kwenye majani. Mwenye matatizo ya moyo au mapafu aongee na daktari wake kwanza, siyo na mimi. Maua huchanua kwa wingi wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayeyataka maua akubali na tope. Mkipitia Chimala kwenda Matamba mtapanda ile barabara ya Hamsini na Saba, yenye kona kama jina lake. Wanaopata kizunguzungu wakae mbele, na mkifika msianze kutembea papo hapo. Kaeni, mnywe chai, miguu ikumbuke ardhi.

Sasa Ngozi. Ziwa lile liko ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, katika milima ya Uporoto, ukingo wake unafika mita 2,600 na zaidi, na njia inaingia kutoka barabara ya Tukuyu, upande wa Isongole. Ndani ya msitu mwinuko unaongezeka kadiri unavyokaribia ukingo, na sehemu ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Maana yake ni kwamba ukigeuza, sehemu kali kuliko zote ndiyo ya kwanza kuishuka, miguu ikiwa imechoka. Sisi huishia ukingoni. Vijana watawaambia kuna kijia cha kufika majini, na hadithi za hazina ya Wajerumani zitawavuta. Msishuke. Ziwa linaonekana vizuri zaidi kutoka juu, lote kwa pamoja, na ukingo wake wa kijani umelizunguka.

Pale ukingoni tuna utaratibu wetu. Wanaoshuka taratibu hula kwanza na kuanza kuteremka kwanza, pamoja na kijana mmoja, wakati wengine bado wanapiga picha. Kwa hiyo wanaochelewa hawaachwi nyuma wakikimbizana na kundi hadi miguu inachanganyana. Kijana anayewasaidia asimame chini yao na pembeni kidogo, atoe mkono wake washike. Msishikane viganja wazee wawili kwa wawili, kwa sababu mmoja akiteleza wanaanguka wote. Saa ya kugeuza tunaitaja tukiwa bado barabarani. Sisi husema saa sita mchana, popote tulipo, hata kama ukingo unaonekana kwa macho, kwa sababu ukungu na mvua za mchana kule hazibishi hodi.

Jambo ambalo limenishughulisha kuliko yote, na ambalo sioni likizungumzwa, ni heshima yetu wenyewe. Kijana anayetuongoza ametupa shikamoo asubuhi. Anamwona babu midomo imekauka, hatua zimeanza kuyumba, lakini atamwambiaje mtu wa umri wa babu yake, "Kaa chini"? Na babu naye hawezi kukiri mbele ya mjukuu kwamba amechoka. Wote wawili wanaendelea kwa adabu hadi mmoja aanguke. Dawa tuliyoipata ni hii: kabla ya kuanza, mkubwa wetu kwa umri anasimama mbele ya wote na kumwambia kijana, "Mwanangu, leo wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema tukae, tunakaa. Ukisema turudi, tunarudi." Siku moja ukungu ulitanda tukiwa karibu kabisa na ukingo wa Ngozi, na kijana akasema, "Wazee wangu, naomba turudi." Tulirudi bila mabishano. Kama mkubwa wetu asingesema maneno yale asubuhi, nina hakika kijana angenyamaza.

Kina mama wana shida nyingine ambayo waongozaji vijana hawaioni kabisa. Wengi hawanywi maji tangu asubuhi kwa kuogopa haja njiani, na wenye presha huacha vile vidonge vinavyowapeleka chooni kila mara. Halafu tunashangaa mtu anapata kizunguzungu akiteremka. Katika umri wetu kiu yenyewe huchelewa, hivyo kusubiri kiu ni kuchelewa. Tamkeni wazi mwanzoni: tutasimama hapa na hapa kwa ajili ya haja, kina mama watatangulia upande huu na vitenge viwili vya kuzungushia. Tangu tulipoanza kusema hivyo, watu wanakunywa maji. Dawa usiache wala usibadilishe saa zake bila kumuuliza daktari. Mwenye sukari awe na glukosi au pipi mfukoni mwake mwenyewe, siyo kwenye begi lililobebwa na kijana aliyeko mbele, na ale kabla ya kuanza kushuka.

Kuhusu maji ya Ziwa Nyasa, wenzetu waliokulia Kyela wameyazoea. Sisi wa huku juu kwenye baridi wengi hatujui kuogelea, na hiyo isiwe sababu ya kubaki ufukweni Matema, lakini iwe sababu ya kufuata taratibu. Kwanza safari yenyewe. Kutoka Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, unashuka hadi chini ya mita 500. Joto la kule linapanua mishipa, na anayetumia dawa za presha anaweza kuona giza akisimama ghafla. Siku ya kufika ni ya kupumzika, kunywa maji na kulala ndani ya chandarua. Kafi tunapiga kesho yake asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka.

Mkiwa na uchaguzi wa kayaki, ule mtumbwi mdogo wa kupiga kafi, chukueni ya kukaa juu yake, siyo ile ya kuingiza miguu ndani. Ikipinduka unatoka bila kunasa, na nyonga zetu haziteseki. Jaketi okozi livaliwe ufukweni na kufungwa kamba zote, na mwenzako alivute mabegani aone kama linapanda hadi masikioni. Likipanda, ni kubwa kwako. Wakati wa kupiga kafi zungusha kiwiliwili chote, mikono isipande juu ya mabega, la sivyo bega litakulaza macho usiku. Kaeni karibu na ufuko, mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na msikate kwenda ng'ambo. Anayetaka kufika Ikombe kwa Wakisi akaone vyungu vinavyofinyangwa apande boti pamoja na wenyeji, na muulizeni mvuvi kuhusu upepo wa siku hiyo kabla ya kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Kupiga kafi si kazi ngumu. Kazi iko kwenye kuingia na kutoka. Kayaki iwe majini, kina cha chini kidogo ya goti, vijana wawili wameishika omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Geuka uipe mgongo, kaa katikati, ndipo uinue miguu, mmoja baada ya mwingine. Wakati wa kutoka msikubali kuvutwa hadi mchangani huku mmekaa, halafu mkasimama juu yake, kwa maana inayumba na miguu imekufa ganzi. Simamisha palepale majini, teremsha miguu yote upande mmoja, kaa hivyo dakika nzima ukichezesha vidole, shika bega la kijana, ndipo usimame. Kijana atakuharakisha kwa sababu wengine wanasubiri zamu. Wasubiri.

Kuhusu idadi, sipendi kundi lizidi watu 12, na kila wazee wanne wawe na kijana mmoja mwenye nguvu. Kundi kubwa ni rahisi kwa nauli, lakini huko mteremkoni haliangaliki. Gari libaki likisubiri pale mlipoteremkia, maana ndani ya misitu ile simu haishiki kila mahali, na dereva awe na kigoda cha kuweka chini ya mlango. Ngazi za kosta ziko juu sana kwa magoti yaliyotoka mlimani.

Kesho yake usilale kutwa nzima. Tembea kidogo hadi sokoni na kurudi, oga maji ya moto. Maumivu ya mapaja ya pande zote mbili yataisha yenyewe baada ya siku tatu au nne. Goti moja lililovimba, au kifundo cha mguu usichoweza kukikanyagia, hilo ni jambo jingine. Usilichue kwa nguvu wala kusubiri mkutano ujao wa kikundi ndipo useme. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na utupigie simu ili tujue nani akusindikize.