Muulize Fundi: AM inakwaruza, FM imetulia

SWALI: Shikamoo fundi. Nina redio ya betri aliyoniachia baba. Usiku kwenye AM napata stesheni za mbali, lakini radi ikipiga inakwaruza, na nikichomeka chaja ya simu inanguruma tu. Nikihamia FM, kimya. Je, redio imeharibika? Msomaji, Sumbawanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Redio ni nzima, usimpe mtu aifungue.

Kwenye AM, sauti ya mtangazaji hubebwa na kimo cha wimbi: kimo kinapanda na kushuka kufuata sauti yake. Radi nayo hupitia mlango huohuo, huchezea kimo. Redio haiwezi kujua kipi cha mtangazaji na kipi cha radi, kwa hiyo inakupa vyote. Tena kelele za radi ni kali zaidi huko chini kwenye kilohezi za AM kuliko juu, kwenye megahezi 88 hadi 108 za FM.

FM kimo chake hakiguswi. Kinachobadilika ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ndani ya redio kuna saketi inayokata vilele vyote vilingane kabla sauti haijasomwa, na mikwaruzo mingi huishia hapo. Aliyebuni mfumo huu wa FM ni Edwin Armstrong wa Marekani, aliyepata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, mwaka 1933. Namheshimu mno, maana wenzake walikuwa wakihangaika kubana nafasi ya masafa, yeye akaipanua. Stesheni ya FM huyumba hadi kilohezi 75 kila upande. Za AM huku kwetu zimepangwa kila baada ya kilohezi 9 tu. Utulivu unaousikia umelipiwa kwa nafasi hiyo.

Sasa chaja. Inakata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele zake hufika hadi kwenye AM. Ichomoe, au sogeza redio mita chache. Kama bado, izungushe taratibu ikiwa imewashwa. Antena ya AM si ile ya kuvuta. Ni kijiti cheusi kilichomo ndani, kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Ncha yake ikielekea kwenye chaja, mngurumo hupungua sana.

Stesheni za mbali endelea kuzitafuta hukohuko AM. Usiku mawimbi yake hurudishwa chini na tabaka la juu la anga, wakati ya FM kwa kawaida hupenya na kwenda zake.